Creek: neno lililoingia na maji ya chumvi

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri kijitabu kuhusu mikoko ya Kilifi. Kila palipoandikwa Kilifi Creek, nami kwa haraka zangu nikaweka "Kijito cha Kilifi". Rasimu ikasomwa mbele ya wavuvi. Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, hicho kijito watu hukivuka wakikunja suruali?" Wanaopafahamu pale wamecheka tayari. Kabla ya daraja watu walivushwa kwa feri.

Nilikuwa nimechukua maana ya Marekani nikaipachika kwenye jina la Kiingereza cha Uingereza. Kwa Mwingereza, creek ni ulimi wa bahari ulioingia nchi kavu: maji ya chumvi yanayojaa na kupwa. Kwa Mmarekani na Mwaustralia ni kijito cha maji baridi, hata kikiwa mamia ya kilomita kutoka baharini.

Iliyotangulia ni ile ya chumvi. Neno linahusishwa na kriki la Wanodiki wa kale, maana yake kona au pembe iliyojificha. Katika Kiingereza cha karne ya 13 liliandikwa crike. Wafaransa nao wana crique, na kwao hadi leo ni kighuba kidogo. Kwa hiyo asili yake haina habari ya maji kutiririka. Ni habari ya kipembe, mahali ambapo chombo kinaweza kujibanza.

Ilikuwaje likapanda mlima? Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba mabaharia waliopita pwani ya Amerika waliviita creek vile vipembe walivyoviona kutoka melini. Walowezi walipofuata maji kwenda bara, wakakuta kumbe pale palikuwa mdomo wa mto, lakini jina walikuwa nalo tayari, wakaenda nalo. Wamarekani wa mashambani wanaotamka "krik" huchekwa, ingawa matamshi yao yanakaribia umbo la zamani kuliko ya wanaowacheka.

Kisa ninachokipenda ni cha Australia. Mwaka 1845 mpelelezi Charles Sturt alifika kwenye mkondo mkubwa katikati ya nchi kavu. Alitamani kuuandika kuwa mto, ila maji yalikuwa yametulia tu, hayaendi popote. Akaandika creek. Leo Cooper Creek unajulikana kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na jina halijabadilika.

Pwani yetu ilipimwa na wanamaji wa Uingereza, akiwemo Kapteni Owen katika miaka ya 1820, ndiyo maana Mtwapa Creek, Kilifi Creek na Mida Creek zinabeba maana ya Uingereza. Na Kiswahili kina neno lake: hori, kutoka khor la Kiarabu, lile lile la Khor Dubai ambayo Waingereza huiita Dubai Creek. Tatizo ni kwamba wasomaji wengi wa bara wanaijua hori ya Krismasi tu, ile ya kulia ng'ombe.

Hata hivyo, aliyefikiria mto hakupotea kabisa. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imefungia maji mengi, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Mito ilichimba mabonde marefu kuifuata huko chini. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi, ikayajaza mabonde yale. Hori la Kilifi ni bonde la mto lililozama.

Siku hizi nikikutana na creek, nauliza kwanza: yanapwa? Yakipwa, ni hori. Msimbazi wa Dar es Salaam ndio bado unanitesa. Juu ni mto. Kule kwenye mikoko karibu na daraja la Selander, bahari inaingia na kutoka, na ramani za Kiingereza hutumia majina yote mawili. Hapo nimeandika "mto", maana sijasikia mkazi hata mmoja akisema vingine.