Simu ya Kufungua Mwenyewe na Simu ya Chanzo Huria: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba simu janja ambayo mwenye nayo anaweza kuifungua na kubadili betri haiwezi kuzuia maji, na kwamba gundi ya simu za leo iliwekwa kwa sababu hiyo pekee. Ukweli ni kwamba mwaka 2014 Samsung iliuza Galaxy S5, ambayo mfuniko wake wa nyuma ulibanduliwa kwa ukucha na betri ikatolewa kwa mkono, na bado ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani kuhimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kilichozuia maji ni mpira mwembamba uliozunguka upande wa ndani wa mfuniko. Galaxy XCover6 Pro ya 2022, pia ya Samsung, ilifika IP68, kiwango cha juu zaidi, huku betri yake ikitoka vilevile. Gundi husaidia kuifanya simu iwe nyembamba, lakini gharama yake humwangukia mnunuzi siku betri inapochoka. Ni haki pia kusema kwamba Fairphone 5, simu ya kampuni ya Amsterdam iliyotoka mwaka 2023, iliishia IP55: hustahimili mvua, si kutumbukia kwenye ndoo.

Huku kwetu husemwa kwamba mambo haya hayatuhusu, kwa kuwa mafundi wa Kariakoo na wa barabara ya Luthuli, Nairobi, hutengeneza simu yoyote. Ustadi wao ninauheshimu sana, na ndiyo maana naona ni dhuluma kuwalazimisha kupasha kioo joto ili gundi ilegee, wakihofia kukipasua. Zipo pia kufuli za kiprogramu ambazo bisibisi haizifikii: kuanzia iPhone 11 ya 2019, skrini ambayo simu haikuithibitisha kuwa ya Apple huleta onyo, hata kama inafanya kazi vizuri. Fairphone 5 hufunguliwa kwa bisibisi moja ya kawaida, na skrini, kamera, spika na tundu la chaji huuzwa kila kimoja peke yake. Sheria za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinawataka watengenezaji wahakikishe vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuondolewa sokoni.

Kuhusu chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, wapo wanaodhani kwamba msimbo ukiwa wazi, siri za mtumiaji nazo huwa wazi. Kinachowekwa hadharani ni maelekezo yanayoiendesha programu. Picha, ujumbe na nywila hubaki ndani ya simu, zikilindwa kwa ufunguo wa mwenyewe. Isitoshe, msingi wa Android umekuwa huria tangu 2008, kwa hiyo anayekiogopa chanzo huria huenda anakitumia kila siku. Wengine hukosea kwa upande wa pili, wakidhani PinePhone, simu inayoendeshwa na mfumo huria wa Linux, ni huria yote, ilhali modemu yake, kifaa kinachoiunganisha na mtandao wa simu, hutoka kiwandani ikiwa na programu iliyofungwa. Ndiyo maana chini ya mfuniko wake kuna swichi ndogo za kuzima modemu, maikrofoni na kamera.

Dhana inayotupotezea simu nyingi kuliko zote ni kwamba mtengenezaji wa chipu akiacha kuihudumia, simu imekufa. Fairphone 2 ilitoka mwaka 2015 ikiwa na Android 5. Chipu yake, Snapdragon 801, iliachwa mapema na mtengenezaji wake, Qualcomm, lakini Fairphone, ikitegemea pia kazi ya jumuiya ya LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android, iliifikisha Android 10 na kuihudumia hadi Machi 2023. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwa wengine kuurekebisha. Betri mpya peke yake isingetosha, kwani simu yenye betri nzima na programu isiyolindwa tena huwa hatari kwa mwenyewe.

Haimaanishi kwamba kuhamia mfumo mwingine hakuna gharama. Kufungua kufuli ya kiprogramu inayozuia simu kuwashwa kwa mfumo mwingine (bootloader) kwa kawaida hufuta kila kilichomo, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye mfumo zisioutambua. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# nchini Tanzania haina tatizo hilo, kwa sababu hupitia laini na mtandao wa simu, wala haijali mfumo uliowekwa.