Sentroidi: kitovu cha umbo kwenye ramani

Sentroidi ya umbo ni ile nukta ambayo, kama ungelikata umbo lenyewe kwenye kipande cha boksi, ungeweza kulituliza juu ya ncha ya kalamu lisiinamie upande wowote. Kwa mstatili hakuna ubishi. Ubishi huja na visiwa, maziwa na wilaya.

Chukua Pemba. Wengi wanaoanza hujumlisha longitudo za vipeo vyote (nukta zinazochora mpaka wa umbo) na kugawa kwa idadi yake, kisha latitudo vivyo hivyo. Lakini pwani ya magharibi ya Pemba imejaa hori na vighuba, hivyo kuichora kunahitaji vipeo vingi kuliko pwani ya mashariki, na wastani unavutwa huko. Hicho ni kitovu cha vipeo. Sentroidi yenyewe hufuata ukubwa wa eneo, na ndiyo unayopewa na ST_Centroid ya PostGIS (hifadhidata ya ramani) au .centroid ya Shapely (maktaba ya Python ya maumbo).

Sasa unganisha Unguja na Pemba ziwe umbo moja. Sentroidi inaangukia baharini, upande wa mashariki ya Nungwi. Hesabu haina kosa, ila ukiuliza nukta hiyo iko wilaya gani, hupati kitu, wala programu haikuonyi. Umbo la mwezi mchanga lina shida hiyohiyo hata likiwa kipande kimoja. Ukitaka nukta iliyo ndani bila shaka, tumia ST_PointOnSurface, au representative_point() kwenye Shapely. Haiahidi kuwa katikati. Kwa kuandika jina la mahali mimi napendelea polylabel ya Mapbox, inayotafuta nukta iliyo mbali zaidi na kingo.

Kuna na suala la digrii za longitudo na latitudo. Shapely huzichukulia kama vipimo vya karatasi bapa. Zanzibar haidhuriki sana, iko karibu na ikweta. Norwei inadhurika: digrii ya longitudo hufupika kadiri unavyopanda kaskazini, kwa hiyo kaskazini yake huhesabiwa kubwa kupita kiasi na kitovu kinasogea huko. Badili kwanza kuwa mita. Kwa Zanzibar, EPSG:32737, msimbo wa mfumo wa ramani unaopima kwa mita, inatosha.

Fiji ndiyo kiboko. Imekatwa na mstari wa longitudo 180, hivyo mstatili unaoizunguka huanzia -180 hadi 180, na katikati yake ni 0: bahari ya Atlantiki, magharibi ya Angola na Namibia. Ongeza 360 kwenye longitudo zote hasi kabla ya kuanza hesabu, kisha jibu likizidi 180 lipunguze 360.