Vumbi, zebaki na sera: maswali ya afya kwa wachimbaji wadogo

Sheria za migodi zipo. Kwa nini wachimbaji wadogo wahitaji sera yao ya afya?

Zipo, ila zimeandikwa zikimtazama mwajiri. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unahusu usalama na afya migodini, na mzigo mkubwa umemtwika mwajiri: ahakikishe mgodi ni salama, atoe vifaa vya kujikinga, awapime afya mara kwa mara walio kwenye hatari. Sasa simama kwenye mdomo wa shimo la wachimbaji wadogo uulize mwajiri ni nani. Mwenye eneo yuko mjini, mwenye pampu ni mwingine, anayegharimia chakula ni wa tatu, na wanaoshuka chini wanalipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Mapafu yakichoka miaka kumi baadaye, hakuna wa kudaiwa.

Hapo ndipo sera ya afya ya umma inapotakiwa kuingia. Imfuate mchimbaji kwa kazi anayoifanya, awe ameajiriwa au la, awe na leseni au hana. Watu hawa si wachache: kwenye dhahabu pekee wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 20 duniani, na katika hao wanawake na watoto ni milioni 4 hadi 5.

Kati ya kifusi, zebaki na vumbi, kipi cha kuogopa zaidi?

Kifusi kinaua papo hapo na habari zake zinatangazwa. Vumbi linaua polepole, mgonjwa akiwa keshaondoka mgodini, kwa hiyo halihesabiwi. Mimi naliweka vumbi nafasi ya kwanza.

Dhahabu mara nyingi hukaa ndani ya mwamba wenye silika nyingi, yaani madini magumu yanayounda pia mchanga. Mtazame anayelisha karasha, mashine ya kusaga mawe: nyusi na kope zimekuwa nyeupe, kitambaa kimefungwa puani. Vumbi hilo analojipangusa usoni silo baya zaidi, maana chembe kubwa hunaswa puani au hutemwa pamoja na makohozi. Hatari iko kwenye zile ndogo zisizoonekana, zinazoelea hewani hata baada ya karasha kuzimwa, zikapenya nyuzi za kitambaa hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha. Mapafu hujijengea makovu kuzizunguka, na makovu hayo hayafutiki. Ugonjwa huo ndio silikosisi, na hauna tiba ya kuuponya. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, lakini penye vumbi zito unaweza kumpata mtu ndani ya miaka michache tu.

Kinga ya kwanza ni maji. Mawe yaloweshwe kabla ya kupasuliwa, mwamba utobolewe kwa mashine inayotoa maji, karasha liwe na bomba la kunyunyizia. Barakoa maalumu ya kuchuja chembe ndogo inasaidia ikishika uso vizuri. Kitambaa na barakoa ya kawaida ya hospitali havitoshi. Mpango unaogawa barakoa kwa maboksi na kusahau maji kwenye eneo la kusaga, hata uzinduliwe na waziri, ni wa kupigia picha.

Nimemaliza dozi ya TB mara mbili na bado nakohoa. Shida ni nini?

Inawezekana TB imerudi, na inawezekana kinachokusumbua ni silikosisi ambayo kwenye picha ya eksirei hufanana na TB. Wachimbaji wengi huanzishiwa dawa za TB kwa kutazama picha na kusikiliza kikohozi tu, bila kipimo cha makohozi kuthibitisha. Magonjwa haya mawili pia huandamana: mapafu yenye silika hushindwa kupambana na bakteria wa kifua kikuu, na mwenye silikosisi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata TB kuliko mtu wa kawaida. Akiwa na virusi vya UKIMWI, hatari hiyo inazidi mara nyingi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayefanya kazi, au aliyewahi kufanya kazi, penye vumbi la silika achunguzwe TB kwa utaratibu maalumu, asisubiriwe hadi azidiwe. Zingatia hilo neno "aliyewahi". Programu nyingi hupima waliopo mgodini siku hiyo, wakati wachimbaji huhamahama na wengi huugulia vijijini kwao.

Nimeshika zebaki kwa mikono miaka yote na niko mzima. Kwani kweli ni sumu?

Ni sumu, ila mkono sio mlango wake mkuu. Zebaki ya maji hupenya ngozi kidogo sana. Mchimbaji huitumia kunasa dhahabu kwenye mchanga; ukiichoma ili dhahabu ibaki, inageuka mvuke usioonekana wala kunuka, na karibu asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu huingia kwenye damu, kisha ubongo na figo. Dalili huanza kwa mambo ambayo mtu hudhani ni ya uchovu au pombe: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira za haraka, kusahau, fizi kuvimba. Mwandiko hubadilika, kushika kikombe bila kumwaga kunakuwa kazi.

Zebaki inayobaki kwenye marudio, yaani mchanga unaoachwa baada ya dhahabu kutolewa, husombwa hadi mitoni na maziwani. Humo bakteria huigeuza kuwa aina nyingine, iliyo mbaya zaidi kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni, nayo huingia kwa samaki. Kwa hiyo asiyewahi kufika mgodini naye anahusika.

Basi kwa nini isipigwe marufuku tu?

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, haukuweka tarehe ya kukoma kwa zebaki kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Unazitaka nchi zipunguze matumizi, na pale inapowezekana ziyaondoe. Wengine huona huo ni udhaifu. Mimi naona ni kuujua mgodi. Marufuku inayokuja na polisi haiondoi zebaki. Inauhamisha moto kutoka kwenye uwanja wa wazi kwenda ndani ya chumba kilichofungwa, usiku, jikoni ambako watoto wamelala.

Nchi yenye uchimbaji huo kwa kiwango cha kuzingatiwa inatakiwa kuandaa mpango wa taifa wa utekelezaji. Mpango huo lazima uchukue hatua za kukomesha mambo manne: kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma kwa moto wa wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kutumia sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, kwenye marudio yenye zebaki kabla haijaondolewa. Lazima pia uwe na mkakati wa afya ya umma: kukusanya takwimu, kuwafundisha wahudumu wa afya, na kuwalinda watoto na wajawazito. Sehemu hiyo ya afya mara nyingi hupewa kurasa chache na bajeti ndogo, kwa sababu waandishi wa mpango hutoka wizara za madini na mazingira.

Retoti inasaidia?

Sana. Ni chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa maji, hivyo zebaki hutumika tena. Lakini ikivuja au ikifunguliwa ingali moto, inakudhuru vilevile. Nayo iwashwe nje, mbali na nyumba.

Watoto wasioingia shimoni nao wanaathirika vipi?

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara huko Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sumu ya risasi, yaani metali ya risasi (lead), si ya bunduki. Mawe ya dhahabu ya eneo hilo yalikuwa na risasi nyingi. Yalivunjwa na kusagwa majumbani, vumbi likatanda uani ambako watoto hutambaa na kutia vidole mdomoni.

Dawa ya kutoa risasi mwilini ipo. Tatizo ni kwamba mtoto aliyetibiwa akirudi kwenye udongo uleule anajazwa sumu upya. Katika kijiji cha Bagega, jimboni humo, shirika la tiba la Madaktari Wasio na Mipaka walisema wazi kwamba matibabu hayana maana kabla udongo haujasafishwa, na usafishaji huo ulichelewa hadi 2013. Wizara ya afya pekee isingeweza, maana wenye kuondoa udongo si madaktari. Na kulikuwa na hatua moja rahisi ambayo ingezuia mengi: mahali pa kusagia pasiwe nyumbani.

Pampu ya maji yenye injini ikishushwa shimoni, kuna ubaya?

Usiishushe kamwe. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, haina harufu, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Injini ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, bomba ndilo lishuke.

Nikifika zahanati niseme nini?

Anza na kazi yako kabla ya kikohozi chako, maana wengi hawataiuliza. Taja kama unachimba, unasaga au unachoma, kwa miaka mingapi, na kama kuchoma hufanyika nyumbani. Omba makohozi yapimwe. Ukiwa unatetemeka au unachoma dhahabu, uliza kama hospitali ya rufaa inapima zebaki kwenye mkojo. Mjamzito aseme mapema, akae mbali na moto huo, na mume naye aache nguo za kazi nje. Ukikutwa na silikosisi, omba kazi yako iandikwe kwenye cheti pamoja na ugonjwa, kisha endelea kupima TB hata baada ya kuacha uchimbaji, kwa sababu hatari yake hubaki na wewe.