Moshi wa waya ukipotea, sumu bado ipo

Wengi tunaamini ukichoma waya za zamani upate kopa, moshi ukishapotea basi madhara yameisha. Hapana jamani. Ganda la waya nyingi ni plastiki ya PVC, ndani yake kuna klorini, sasa ikiungua kwenye moto wa kawaida inatoa dioksini, yaani kemikali zenye sumu kali, na mara nyingi madini ya risasi yanabaki kwenye majivu, vyote vinatua kwenye udongo, kuku wanadonoa hapohapo mpaka sumu inafika kwenye mayai, na watoto wadogo ndo wanaumia zaidi. Angalia mwenyewe ubavuni mwa waya, nyingine zimeandikwa PVC kabisa. Halafu muulize mnunuzi wa skrepa, kopa iliyomenywa kwa kisu kawaida inalipa kuliko iliyoungua.