Leza na mawingu ya barafu: yanayosemwa na yalivyo

Jua likijizungushia duara saa saba mchana, simu hujaa picha na maelezo ya picha hujaa kiyama. Kumbe ni barafu tu. Fuwele zenye pembe sita, zilizotanda juu kabisa kama shashi, hupinda mwanga kwa digrii 22 hivi, na ndilo duara lenyewe. Mawingu hayo huitwa sirusi na jamaa zake. Kinachoyachungulia vizuri ni laida, yaani rada inayotumia mwanga wa leza badala ya mawimbi ya redio. Na yote mawili, wingu na chombo, yana uzushi wake.

"Barafu angani ni mambo ya Ulaya, siyo Ikweta."

Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Sirusi za ukanda wetu huelea juu zaidi ya hapo, mara nyingi kati ya kilomita 10 na 17, na huzidi kwa kimo zile za Ulaya. Joto letu ndilo linalozipandisha: wingu la radi hupanda mpaka likafika ukomo, kisha kichwa chake kikasambaa pembeni kikiwa barafu tupu.

"Leza hupiga picha ya wingu."

Haipigi picha, inapima muda. CALIPSO, setilaiti ya NASA na shirika la anga la Ufaransa, CNES, ilirushwa Aprili 2006 ikafanya kazi hadi 2023. Kutoka kimo cha kilomita 700 hivi ilituma mipigo 20 ya mwanga kila sekunde, kisha ikapokea kiasi kidogo kilichorudi kwa darubini yenye kioo cha mita 1. Mwanga ulioguswa na kichwa cha wingu hutangulia kurudi, wa tumboni hufuata. Unene wa kilomita 1 ni tofauti ya takriban sehemu 7 za milioni ya sekunde. Kamera ya kawaida ikiangalia utando mwembamba juu ya bahari huiona bahari, na wingu linapita bila kuhesabiwa.

"Chini ya nyuzi sifuri, wingu lote ni barafu."

Hili hata waliosoma jiografia hulikubali. Matone madogo ya maji yanaweza kubaki maji mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, kwa hiyo kipimajoto peke yake hakitoshi kusema ni kipi.

Leza inasema. Mwanga wake hutumwa ukiwa umepangwa, mawimbi yote yakitikisika upande mmoja. Tone la maji ni mviringo, hivyo hurudisha mwanga na mpangilio wake karibu uleule. Fuwele ina nyuso na kona: mwanga unaingia, unadundadunda ndani, unatoka umevurugika. Chombo hulinganisha kiasi kilichovurugika na kile kilichobaki sawa, na jibu linapatikana.

Ila kuna fuwele bapa kama visahani, ambazo huanguka zikiwa zimelala. Leza ikizipiga kutoka juu wima, zinakuwa kama vioo vidogo vilivyotazama juu: mwanga unarudi mkali na haujavurugika, sawasawa na wa maji. Mwanzoni leza ya CALIPSO ilielekezwa chini karibu wima, ikiwa imeinama digrii 0.3 tu, na barafu ikawa inajifanya maji. Novemba 2007 ikainamishwa hadi digrii 3, na sehemu kubwa ya udanganyifu huo ikaisha. Leza haikubadilishwa. Hicho ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii.

"Leza hupenya wingu lolote."

Wingu zito la mvua huimeza. Ndiyo maana roketi iliyoibeba CALIPSO ilibeba pia CloudSat, setilaiti yenye rada: rada hupita kwenye mawingu mazito lakini huzikosa fuwele ndogo sana, ambazo leza huziona.

"Mchana ndio muda mzuri wa kupima."

Kinyume chake. Mwanga wa jua ni kelele kwa darubini hiyo. Vipimo vya usiku ndivyo safi zaidi.

"Wingu ni kivuli, kwa hiyo hupoza."

La chini na zito, mara nyingi ndiyo. Sirusi nyembamba huruhusu sehemu kubwa ya mwanga wa jua ishuke, kisha huzuia joto linalotoka ardhini lisipotelee angani. Hesabu ikifungwa, kwa kawaida hupasha. Mistari myeupe inayoachwa na ndege ni ya kundi hilohilo. Wingu la sirusi likinenepa, hesabu inaweza kugeuka, kwa hiyo anayetabiri tabianchi hawezi kubahatisha kimo wala unene. EarthCARE, ya mashirika ya anga ya Ulaya na Japani, iliyorushwa Mei 2024, inazunguka chini zaidi, kilomita 400 hivi, na safari hii leza na rada zimepanda chombo kimoja.