Ubingwa wa Ujerumani 1903: telegramu iliyompeleka mtu fainali

Ukiangalia matokeo ya ubingwa wa kwanza wa soka wa Ujerumani, wa 1903, utakuta klabu ya DFC Prag wametinga fainali bila kucheza mechi hata moja. Lawama zote hutupiwa telegramu ya uongo. Ilikuwepo kweli, ila kwa maoni yangu ilikuta mlango umeshaachwa wazi.

Ligi ya taifa haikuwepo. Shirikisho la soka la Ujerumani, DFB, lililoundwa Leipzig Januari 1900, lilipanga mtoano wa timu sita. Altona 93 wakaichapa Viktoria Magdeburg 8-1, VfB Leipzig wakaitoa Britannia Berlin 3-1. Zikabaki Karlsruher FV na Prag, klabu ya Wajerumani wa Prague iliyokuwa ndani ya DFB ingawa mji wao ulikuwa chini ya Austria-Hungaria.

Soka lilikuwa la ridhaa, kwa hiyo umbali wa uwanja ulikuwa na uzito kuliko tunavyodhani leo: nauli ya treni ni ya klabu, na mchezaji ana kazi yake ya kurudia. Mechi ikapangwa Munich, kukawa na malalamiko. Ikahamishiwa Prague, malalamiko tena. DFB wakaisogeza mbele, ichezwe Leipzig kama nusu fainali. Kihesabu ilikaa vizuri, maana jozi tatu zingetoa washindi watatu, na watatu hawafanyi nusu fainali mbili.

Kisha Karlsruhe wakapokea telegramu: mechi imeahirishwa, jina la mtumaji DFB. Telegramu haikuwa na saini wala mhuri. Jina la chini lilikuwa maneno tu kama mengine, yalihesabiwa na kulipiwa dirishani posta, na yeyote aliweza kuyaandika. Dawa ilikuwa kutuma nyingine kuuliza. Lakini mechi iliyokwisha kuhamishwa mara mbili, ukiambiwa imeahirishwa utashangaa nini? Karlsruhe hawakusafiri, Prag wakapewa ushindi wa mezani, na aliyetuma hakujulikana kamwe.

Fainali ya Prag na VfB Leipzig, waliowatoa Altona 93 kwenye nusu fainali nyingine, ilikuwa Altona, jirani na Hamburg, Mei 31, Jumapili ya Pentekoste. Timu ziko tayari, mpira unaofaa haupo! Sheria za wakati ule zilitaka mpira wa ngozi wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 71, uzito wa gramu 370 hadi 425 hivi mchezo unapoanza. Ilipita kama nusu saa kabla haujapatikana. Mwamuzi, Franz Behr, alikuwa mtu wa Altona 93. Prag walitangulia kufunga, mapumziko yakawa 1-1, kisha Leipzig wakafumua lango hadi 7-2.

Suala la uwanja halikupona. Mwaka 1904 Karlsruhe walifungwa 6-1 na Britannia mjini Berlin, wakakata rufaa kwamba mechi ilitakiwa kuchezwa uwanja usio wa upande wowote. DFB wakafuta mashindano yote. Fainali ya Leipzig na Britannia, iliyopangwa Kassel, haikuchezwa, na mwaka ule Ujerumani haikupata bingwa.