Tabasamu la mapokezini: dhana potofu kuhusu msongo wa kazi katika hoteli za Goma

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mtu akisema kwamba dada yake amepata kazi katika hoteli ya kando ya Ziwa Kivu, majirani humpongeza kwanza na kuuliza maswali baadaye. Kivuli, sare safi na chakula cha mchana huonekana kuwa neema mahali ambapo kazi ya mshahara ni adimu, na ndiyo maana mfanyakazi wa hoteli akilalamika kwamba kichwa kimechoka, jibu analolipata ni lile lile: "Vumilia, dada, wengine wanaitafuta." Nyuma ya jibu hilo kuna imani kadhaa zisizo sahihi.

Dhana potofu: Kazi ya hoteli ni nyepesi, haiwezi kumlemea mtu.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani Robert Karasek alieleza kwamba kinachomchosha mfanyakazi zaidi si wingi wa kazi peke yake, bali ni kudaiwa mengi huku akiwa na uwezo mdogo wa kuamua. Maelezo hayo yanamfaa mpokeaji wa wageni kuliko watu wengi. Umeme ukikatika saa mbili usiku na maji ya moto yakakosekana, yeye ndiye anayefokewa, ingawa hana ufunguo wa jenereta, hana ruhusa ya kupunguza bei, wala hawezi kumhamisha mgeni bila kumpigia patroni ambaye huenda amekwisha kuzima simu. Msafisha vyumba naye hupangiwa idadi ya vyumba na mtu asiyeshika ufagio, kana kwamba chumba alicholala msafiri mmoja usiku mmoja ni sawa na kile kilichokaliwa na familia yenye watoto wanne kwa majuma matatu.

Dhana potofu: Anayetabasamu hana tatizo.

Tabasamu la hotelini ni sehemu ya kazi, kama zilivyo shuka na funguo. Wataalamu huiita kazi ya hisia: mtu hulipwa ili aonyeshe hisia fulani na afiche nyingine, na kadiri pengo kati ya uso na moyo linavyopanuka, ndivyo nguvu zinavyokwisha. Hisia iliyofichwa haiondoki, bali husubiri, na mara nyingi wanaopokea hasira yake ni watoto nyumbani.

Goma huongeza uzito ambao mafunzo ya uhoteli hayautaji. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, mwandishi wa habari aliyekuja kuandika juu ya msiba huo alihitaji kitanda na kahawa kutoka kwa mtu ambaye huenda hakujua ndugu zake wamelala wapi. Mwishoni mwa Januari 2025, kundi la waasi la M23 lilipouteka mji, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango, na aliyezoea kuchukua mshahara wake benki akalazimika kutafuta njia nyingine. Mgeni na mhudumu wanaweza kuwa wameyapitia mambo yale yale, lakini ni mmoja tu kati yao anayeruhusiwa kuonyesha hofu.

Dhana potofu: Kazi ya usiku huzoeleka, na isitoshe mtu hupata kusinzia.

Mwili una saa yake, nayo huongozwa zaidi na mwanga wa jua kuliko na ratiba ya hoteli. Anayelala mchana kwa kawaida hulala muda mfupi zaidi, na usingizi wake huwa mwepesi. Akilala katika mitaa kama Ndosho au Majengo chini ya mabati yaliyopata joto, huku pikipiki zikipita na jirani akitwanga, hali huwa mbaya zaidi. Wapo wanaozoea kukaa macho, lakini kukaa macho si kupumzika.

Hapa suala la saa za kazi haliwezi kukwepwa. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma na 9 kwa siku. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, likilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Mlinzi au mpokeaji anayefanya zamu sita za saa 12 anafikia saa 72, na hapo safari ya kurudi nyumbani haijahesabiwa.

Dhana potofu: Msongo ni ugonjwa wa Wazungu, au ni upungufu wa imani.

Homoni zinazopandisha mapigo ya moyo wakati wa hatari hazichagui rangi wala dhehebu. Zikibaki juu kwa miezi, mtu huumwa kichwa, hukosa usingizi, tumbo humsumbua, na mara nyingi hupimwa malaria tena na tena bila kuonekana kitu. (Kupima ni jambo la busara; kosa ni kutouliza swali lingine baada ya jibu.) Sala na jumuiya huwasaidia wengi, nami sioni sababu ya kuzibeza, lakini hazipangi zamu. Kuhusu uchovu wa kupindukia unaotokana na kazi, Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya kimataifa kama hali inayohusu kazi, wala si ugonjwa, na hilo linaelekeza macho mahali panapostahili.

Dhana potofu: Bia mbili baada ya zamu hutuliza.

Huleta usingizi haraka, kisha huukatakata usiku wa manane.

Dhana potofu: Dawa yake ni fedha, na fedha hakuna.

Mshahara unaochelewa ni chanzo cha msongo, na hakuna maneno matamu yatakayoufidia. Hata hivyo yapo mambo yasiyogharimu hata lita moja ya mafuta ya jenereta: kumruhusu mpokeaji aamue mwenyewe kumhamisha mgeni, kutamka wazi kwamba mgeni anayemshika mhudumu mwili ataondolewa hata akiwa mteja mkubwa, na kubandika ratiba ya zamu majuma mawili mapema, ili mama anayejua leo kwamba Jumanne ijayo hafanyi kazi aweze kumpeleka mtoto wake kwenye chanjo bila kumwomba mtu ruhusa.